MKEBE WA KUNYUNYIZA UKUTA NA PUMZI YA FUNDI



Safari hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine watalicheka, wakisema, "Chama cha wafanya kazi wa reli kina shughuli gani na mkebe wa kutengeneza ukuta?" Twawaomba msome mpaka mwisho ndipo mcheke, kama bado mtakuwa na hamu ya kucheka.

Sababu zetu ni tatu. Kwanza, wengi wetu hutengeneza wenyewe nyumba tunazokaa, na wakistaafu wako wengi wanaoshika mwiko na brashi wapate riziki yao. Pili, watoto wetu wengi wamo katika kazi ya ujenzi, wengine hapa Kenya na wengine ng'ambo. Tatu, wenzetu wanaofanya kazi ya rangi katika karakana hunyunyiza vitu hewani siku nzima, na yale tutakayoyasema juu ya mkebe mdogo yanawahusu wao pia.

Wazee walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya kweli, nasi hatuyapingi. Lakini wazee hawakutuambia ufa uzibwe kwa kitu gani, wala hawakutuambia tuufungue ukuta pasipo kuuliza umejengwa kwa kitu gani. Hilo ndilo tutakalolisema leo.

MKEBE WENYEWE NI NINI

Yafaa kwanza kueleza chanzo chake. Nyumba nyingi za Marekani hazijengwi kwa mawe kama zetu. Husimamishwa mbao, kisha juu yake hupigiliwa bodi za jasi, yaani unga mweupe wa jasi ulioshikwa katikati ya karatasi mbili nene. Bodi hizi sasa zimefika kwetu pia, na mafundi wengi wa Nairobi huzipiga katika dari na kuziita jipsamu. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Wamarekani walitaka nyumba nyingi kwa haraka, na plasta ya zamani ilikuwa ya taratibu, maana ilipakwa tabaka baada ya tabaka na kungojewa ikauke. Bodi ilikuwa ya upesi zaidi, ikashinda.

Lakini bodi ina viungo, na viungo huonekana. Kuvifuta kabisa ni kazi ya fundi hodari: abandike utepe wa karatasi, apake uji wa kuzibia, angoje, apige msasa, arudie tena. Kwa hiyo wajenzi wengi waliona njia nyepesi. Waliunyunyizia ukuta mzima uji mzito kwa mashine ya hewa, ukatokea vipele, na vipele vikaficha viungo na makosa madogo madogo. Sisi huku twajua ukuta wa rafukasti, ule wa kurushiwa saruji na mchanga kwa nje. Hao waliifanya rafukasti yao kwa ndani, tena laini zaidi.

Sura za ukuta huo ni nyingi, nasi tutataja tatu. Ya kwanza huitwa ganda la chungwa, kwa sababu hufanana kabisa na ganda hilo. Ya pili ni vipele vilivyolazwa: uji ukiisha kunyunyizwa na kuanza kukauka, fundi hupitisha bamba pana juu yake kwa wepesi, ncha za vipele zikalala. Ya tatu ni ya dari, nayo huitwa bisi, kwa maana huonekana kama bisi za mahindi zilizobandikwa juu. Hiyo ya bisi ilipendwa kwa sababu hupunguza mwangwi chumbani na huficha kasoro za dari.

Sasa ikitokea bomba kuvuja, au kitasa cha mlango kupiga ukuta na kuutoboa, au fundi wa umeme kukata shimo apitishe waya, shimo huzibwa. Lakini kiraka huwa laini, nao ukuta una vipele. Taa ikiwaka kwa upande, kiraka huonekana kama kovu usoni. Zamani fundi alikuwa akijaribu kwa sifongo, kwa brashi, au kwa kuleta mashine nzima ya hewa kwa ajili ya mahali padogo penye upana wa sahani. Ndipo katika miaka ya 1990 zikaandikishwa hataza huko Marekani za mikebe ya kunyunyiza iliyotiwa uji wa ukuta ndani yake. Mtu hununua mkebe mmoja, hutikisa, hubonyeza, na kiraka kikafanana na ukuta.

JINSI UNAVYOFANYA KAZI

Mkebe wa kunyunyiza wenyewe si kitu kipya. Erik Rotheim wa Norway aliubuni katika miaka ya 1920. Wakati wa vita, Lyle Goodhue na William Sullivan wa idara ya kilimo ya Marekani walitengeneza mkebe wa kunyunyiza dawa ya wadudu, ili askari wajikinge na mbu waletao malaria. Mwaka 1949 Edward Seymour wa jimbo la Illinois alitia rangi ndani ya mkebe. Kutoka rangi kwenda kwenye uji wa ukuta ilikuwa hatua moja tu, lakini ilikuwa hatua ngumu, maana uji ni mzito nao huziba tundu.

Wale wazee wetu waliotumika katika injini za moshi watafahamu upesi jinsi mkebe unavyosukuma. Ndani ya mkebe mna gesi iliyoshindiliwa hata ikawa maji. Fundi akibonyeza, uji hutoka na nafasi ndani huongezeka. Papo hapo sehemu ya ile gesi ya maji huchemka na kuijaza nafasi hiyo, na nguvu ya kusukuma haipungui sana. Ni kama boila: dereva akichukua mvuke, maji mengine huchemka mahali pake. Na kama boila iliyopoa isivyokuwa na nguvu, vivyo hivyo mkebe wa baridi husukuma kwa unyonge na kutoa mabonge makubwa. Ndiyo sababu fundi huuacha mkebe chumbani upate joto la kawaida. Wala hauweki juu ya moto, na hapo ndipo watu wanapojidhuru. Mikebe hii huandikwa isifikishwe kwenye joto lipitalo nyuzi 50 hivi, kwa kuwa kama vile boila isiyo na vali ya usalama, mkebe uliopata moto hupasuka.

Siri ya kufananisha ukuta imo mdomoni mwa mkebe. Mikebe mingi huja na vijirija vitatu vya ukubwa mbalimbali, au na mdomo wa kuzungusha wenye matundu ya ukubwa mbalimbali. Tundu dogo hutoa matone madogo, na ukuta huwa na vipele vidogo. Tundu kubwa hutoa matone makubwa. Kwa dari ya bisi, ndani ya uji hutiwa chembe nyepesi.

Wako wanaosema kwamba mkebe huu utamwondoa fundi kazini. Sisi hatuoni hivyo. Mkebe hufanya kazi ya dakika moja tu ya mwisho. Kabla yake mtu lazima akate kiraka sawasawa, azibe, afunike utepe, alainishe kingo zisionekane, afunike sakafu na vyombo. Kisha lazima ajaribu juu ya kipande cha boksi, aangalie vipele vyake na vya ukutani, abadili tundu, ajaribu tena. Baada ya kunyunyiza lazima ajue dakika ya kulaza vipele, maana akiwahi vitashikana na bamba, na akichelewa vitakuwa vimekauka. Kisha apake rangi ya kwanza na rangi ya mwisho, kwa sababu uji usiopakwa rangi hunywa rangi kuliko ukuta wa pembeni, na kiraka hutokea tena. Yote hayo hayamo mkebeni, yamo katika mkono na jicho la fundi. Basi asije mwajiri akasema, "Nimekununulia mkebe, kwa hiyo nitapunguza ujira wako." Amenunua dakika moja, na saa nyingine zote ni za fundi.

HATARI ILIYOHAMA

Tena yatupasa kuitazama ile gesi inayosukuma. Kwa miaka mingi mikebe ya kunyunyiza ya kila namna ilitiwa gesi ziitwazo klorofluorokaboni. Hazikuwaka moto, hazikunuka, na viwanda vilizisifu sana. Mwaka 1974 wataalamu wawili waliokuwa California, Mario Molina na Sherwood Rowland, walieleza kwamba gesi hizo hupanda juu sana na kuiharibu ozoni, ile ngao ya angani inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Wenye viwanda waliwapinga. Lakini mwaka 1978 Marekani ilizikataza katika karibu mikebe yote ya kunyunyiza, na mwaka 1987 mataifa yalipatana huko Montreal kuzipunguza ulimwenguni. Mwaka 1995 wataalamu hao wawili, pamoja na Paul Crutzen, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Na wanachama wetu wa Nairobi wajue kwamba ofisi ya kuangalia mapatano hayo ya ulimwengu iko papa hapa mjini, katika Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, kule Gigiri.

Hiyo ilikuwa kazi njema, nasi twaisifu. Lakini tazameni kilichotokea katika mkebe. Kitu fulani kilipaswa kusukuma badala ya gesi zile, na viwanda vingi vilichukua propani, butani na nyingine za namna hiyo. Ni ndugu wa gesi ya kupikia. Haziiharibu ozoni, ila zinawaka. Hatari haikufa, bali ilihama kutoka mbinguni ikaja chumbani anamofanyia kazi fundi.

Gesi hizi ni nzito kuliko hewa. Hazipandi kutoka dirishani, bali hushuka na kutambaa sakafuni kama maji, zikijaa pembeni na chini ya ngazi. Fundi aliye juu ya ngazi akitengeneza dari hanusi kitu, naye jiko la makaa linawaka katika chumba cha pili, au koroboi iko sakafuni, au mwenzake anawasha sigara. Hapo hakuna haja ya kuhubiri mengi. Mbali na moto, ukungu wenyewe huingia pumzini, na mikebe mingine ina vimiminika vya kuyeyushia vinavyomtia mtu kizunguzungu na maumivu ya kichwa chumba kikiwa kimefungwa. Na mafundi wengi hufunga madirisha makusudi, wakisema upepo unawapeperushia kazi.

Iko pia mikebe ya kusukuma kwa mkono isiyo na gesi, nayo ni ya taratibu zaidi. Mwajiri hununua ile ya haraka. Twauliza: anayeokoa wakati ni nani, na anayevuta hewa ile ni nani?

KILICHOMO UKUTANI

Sasa twafika kwenye jambo kubwa zaidi. Kabla ya kunyunyiza kipya, fundi hukwangua cha zamani. Na katika ukuta wa zamani kuna kitu ambacho mkebe hauna.

Katika Marekani, uji wa dari za bisi na uji wa kuzibia viungo vya bodi ulitiwa asbesto kwa miaka mingi. Asbesto ni jiwe lenye nyuzi nyembamba sana. Haiungui, huushika uji usipasuke, nayo ilikuwa rahisi. Lakini nyuzi zake zikivunjwa huelea hewani pasipo kuonekana, huingia ndani ya mapafu, na hazitoki. Ugonjwa wake hauji kesho. Mara nyingi huja baada ya miaka 20, au 30, au 40, wakati mtu amekwisha kuisahau kazi ile na mwajiri amekwisha kumsahau mtu yule. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Je, mnajua ni kwa njia gani ulimwengu ulipata ushahidi ulio wazi? Sikilizeni vizuri, ndugu, maana hapa ndipo chama cha wafanya kazi kinapoingia. Daktari Irving Selikoff wa hospitali ya Mount Sinai, New York, aliona wagonjwa waliofanya kazi ya asbesto. Alitaka kujua habari za watu wengi, wala si wagonjwa wachache tu. Hakuzipata katika vitabu vya makampuni. Alizipata katika daftari la chama cha wafanya kazi waliofunika mabomba na boila kwa asbesto huko New York na New Jersey. Daftari lilionyesha majina ya wanachama 632 waliokuwa katika kazi hiyo hata mwisho wa mwaka 1942. Wakafuatwa mmoja mmoja, aliye hai na aliyekufa, hata mwaka 1962. Kwa hesabu ya watu wa kawaida, watu 6 au 7 kati yao wangekufa kwa saratani ya mapafu na ya utando wake. Waliokufa walikuwa 45. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1964, na tangu hapo haikuwa rahisi tena kwa mtu yeyote kusema kwamba asbesto haina neno.

Daftari lile halikuandikwa kwa ajili ya madaktari. Makatibu waliandika majina kwa kazi za kawaida za chama, na maandishi yale ya kila siku yalikuja kusema kwa niaba ya watu waliokwisha kuzikwa.

Baadaye sheria zilifuata. Mwaka 1973 Marekani ilikataza kunyunyiza asbesto kwa kuzuia moto na joto katika majengo. Mwaka 1977 ilikatazwa katika uji wa kuzibia nyufa unaouzwa kwa watu wote, na mwaka 1978 katika kunyunyiza dari kwa ajili ya urembo. Lakini sheria iliyokataza kunyunyiza haikukwangua dari zilizokwisha kunyunyizwa. Zimebaki mahali pake. Dari ikiachwa nzima, pasipo kuguswa, hatari yake ni ndogo. Ikikwanguliwa kavu, ikapigwa msasa, nyuzi huamka. Basi kijana wa kwetu aliye Marekani akiambiwa, "Kwangua kipande hiki, kisha uninyunyizie bisi mpya kwa mkebe huu," na nyumba ni ya kabla ya miaka ya 1980, haifai aanze mpaka kipande kidogo kimepelekwa kupimwa. Kwa macho hakuna awezaye kujua, hata fundi wa miaka 40.

Hapa Kenya dari za bisi si desturi yetu. Asbesto sisi twaijua zaidi katika mabati ya saruji ya kuezekea, yaliyotumika katika majumba mengi ya zamani. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka ya hatari, isitupwe ovyo. Lakini ukuta mmoja si lazima uwe na asbesto ndipo uwe na madhara. Vumbi la uji wa kuzibia lenyewe huumiza pumzi, na uji mwingine una mchanga wa silika ndani yake. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini ilipima mafundi waliokuwa wakipiga msasa viungo vya bodi, ikaona wengine wakivuta vumbi mara 10 zaidi ya kipimo cha sheria. Tena ikaona kwamba msasa uliounganishwa na mashine ya kuvuta vumbi uliliondoa kwa asilimia 80 hata 97. Maana yake ni kwamba dawa ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuinunua. Na pasipo mashine, sifongo iliyoloweshwa maji huuteleza uji wa kiraka kidogo bila kutimua vumbi, nayo haimshindi mwajiri yeyote kwa bei.

WANAOSEMA NI JAMBO DOGO

Twajua watakaosema, "Huu ni mkebe mmoja mdogo, mbona mnaukuza?" Jibu letu ni hili. Mwenye nyumba huona mkebe mmoja kwa mwaka, naye akisha kunyunyiza hufunga mlango na kwenda zake. Fundi huona mkebe leo, na kesho, na mwezi ujao, katika vyumba vya watu wote. Maandishi ya onyo yanamhesabu mwenye nyumba. Hayamhesabu fundi.

Wengine watasema, "Maonyo yameandikwa kwenye mkebe, asiyesoma shauri yake." Ndiyo, yameandikwa, kwa herufi ndogo kuliko za Agano Jipya, mara nyingi kwa Kiingereza peke yake. Mtu aliyeacha shule darasa la nne hawezi kupewa maneno ambayo hata karani huyasoma kwa shida, kisha akaambiwa ameonywa. Onyo lisiloeleweka si onyo.

Wengine, na hawa ni wenzetu wenyewe, watasema, "Nikiuliza maswali kazi atapewa mwingine." Hofu hiyo twaifahamu, wala hatumdharau mwenye kuwa nayo, kwa maana ana watoto. Lakini ndiyo sababu kuna chama. Mtu mmoja akiuliza huitwa mkaidi. Watu wote wakiuliza pamoja, swali huwa desturi ya kazi.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 iko upande wetu, ila wengi hawaijui. Inampasa mwajiri kuwaeleza wafanya kazi hatari za vitu wanavyotumia na kuwapa vya kujikinga. Inasema kwamba mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Tena inampasa mfanya kazi kumwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na mpaka hatari hiyo iondolewe mwajiri haruhusiwi kumtaka arudi mahali pale. Sheria ya Fidia ya mwaka huo huo wa 2007 nayo haihusu ajali za mkono na mguu tu, bali na magonjwa yaliyoletwa na kazi.

Kwa hiyo twawaomba wanachama, na wote wanaofanya kazi hizi, washike mambo yafuatayo:

1. Kabla ya kukwangua au kutoboa, uliza nyumba ilijengwa lini na ukuta au dari ni ya kitu gani. Kama ni ya zamani na hapana anayejua, isiguswe mpaka ipimwe.

2. Taka usomewe maandishi ya mkebe kwa lugha unayoielewa. Kama msimamizi hawezi kuyasoma, na yeye pia hajui anachokupa.

3. Zima kila moto, pamoja na jiko la makaa na koroboi, hata katika chumba cha jirani. Fungua madirisha na milango. Upepo ukipeperusha kazi, funika vyombo, wala usifunike hewa.

4. Usipige msasa kavu ikiwa sifongo ya maji yatosha. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi laini, na barakoa ya karatasi haizuii mvuke wa vimiminika. Dai kifaa kinachofaa kazi yenyewe.

5. Mkebe uliokwisha usiutoboe wala kuutupa motoni. Hata ukionekana mtupu, gesi imebaki ndani. Wala watoto wasipewe kuuchezea.

DAFTARI

Jambo la mwisho ni kwa makatibu wa matawi, nasi twaliona kuwa kubwa kuliko yote matano hayo. Kila tawi liwe na daftari. Mwanachama akifanya kazi ya kubomoa paa la zamani, au kukwangua dari, au kunyunyiza rangi na uji, iandikwe: jina lake, mahali, mwaka, muda aliokaa, na kitu alichotumia. Maandishi ya mstari mmoja yatosha. Aliyestaafu naye aandike kazi alizozifanya zamani, kama anazikumbuka, na kama hawezi kuandika, mtoto wake amwandikie.

Msiseme kwamba mwajiri ameandika. Kampuni huuzwa, hubadili jina, hufungwa, na vitabu vyake huchomwa au huliwa na mchwa. Ugonjwa wa pumzi haujali hayo. Mtu atakapoanza kukohoa akiwa na miaka 60, ataulizwa na daktari na afisa wa fidia, "Ulifanya kazi gani, wapi, na lini?" Akijibu kwa maneno matupu, ataonekana mzee anayetafuta fedha. Akileta ukurasa wa daftari ulioandikwa siku ile ile ya kazi, watalazimika kusikiliza, kama walivyolazimika kuwasikiliza wale 632 wa New York.

Hatumkatazi mtu kutumia mkebe. Ni chombo kizuri, na kiraka kisichoonekana ni fahari ya fundi. Mwenye nyumba amelipa ili asione palipobomoka, na hiyo ni haki yake. Lakini fundi ana haki ya kuona yote: kilicho ukutani, kilicho mkebeni, na kilicho hewani anayoivuta. Makatibu wa matawi wanunue madaftari kabla ya mkutano ujao, na katika mkutano huo kila tawi litaulizwa limeandika majina mangapi.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI